Kufa Bila Kuaga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepewa kifo.

Katika vipande vyote vilivyobaki pale karakana, mimi nimepewa kifo. Mwenzangu Pasi kapewa kuaga. Dunia haina haki.

Nianze vizuri, maana shajara hii huenda mwanangu akaisoma siku moja akitaka kujua mama yake alitajirikaje.

Karakana yetu inatengeneza bodi za kuendeshea lifti. Bodi yenyewe inaenea kiganjani na kumbukumbu yake fupi kama ya mlevi, kwa hiyo maktaba ya lugha ya C wanayotumia wakubwa, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, haiingii humo. Tunajiandikia ya kwetu, kipande kwa kipande. Mama mkwe bado anaamini ninafanya kazi kwenye maktaba ya vitabu. Kila jioni anachungulia mkoba wangu na kusema, maktaba gani hiyo, we mtoto wa watu, hata kitabu kimoja cha kumsomea mjukuu wangu hakuna.

Leo asubuhi fundi mkuu, tunayemwita Mama Breki, kagawa vipande viwili vya mwisho. Cha kwanza: programu ikimaliza kazi yake salama, ihifadhi ilichoandika, ifunge mafaili, iage, iende zake. Kapewa Pasi. Cha pili: programu ikigundua mambo yameharibika hata haijiamini tena, ife palepale iliposimama. Changu.

Pasi ni mfanyakazi wa majaribio kama mimi. Jina hilo ni la mashati yake. Mstari wa mkono wa shati unaweza kukata mkate. Kasoma chuo. Mimi niliishia kidato cha pili, na C nilijifunza kwenye simu wakati mimba imenilaza kitandani. Yeye ana cheti, mimi nina mwanangu Kibonge. Simwonei wivu. Namwonea kidogo.

Nafasi ni moja. Ijumaa tunajaribu bodi kwenye lifti ya jengo letu, na jioni Mama Breki anataja nani anabaki. Anayebaki anapata mkataba. Mwenye mkataba anaruhusiwa kumweka mtoto kwenye chumba cha watoto, ghorofa ya tatu, juu kabisa. Na Jumamosi mama mkwe anaondoka kwenda kwa wifi yangu ambaye siku zake za kujifungua zimekaribia. Baba Kibonge yuko kazini mbali mpaka katikati ya mwaka. Kwa hiyo nisipopata nafasi, hakuna wa kumshika Kibonge. Pasipo wa kumshika Kibonge, sina kazi, hapa wala popote. Narudi kitandani na simu yangu.

Lakini nina mpango. Kifo changu kitakuwa kizuri kuliko kuaga kwa Pasi!

(Asubuhi nilimuaga Kibonge, nikafika getini, nikarudi kumuaga tena, akalia. Nikarudi kumbembeleza, nikamuaga, akalia zaidi. Mama mkwe akasema ninamuaga mtoto kama mtu anayekwenda vitani. Akasema: ondoka tu, atasahau kabla hujavuka barabara. Ana moyo wa jiwe yule mama.)


Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya aibu. Naandika uso ukiwa bado wa moto.

Mama Breki alinikalisha kitako akanieleza mapigo. Ndani ya bodi kuna kazi mbili zinazokwenda sambamba. Moja inaendesha lifti: panda, shuka, fungua mlango. Nyingine haijui lolote, inapiga tu, du, du, du, kama moyo. Mapigo yakisikika, breki inakaa wazi. Programu ikifa, mapigo yanakatika, breki inajibana yenyewe, na lifti inaganda ilipo. Kumbe lifti salama ni ile ambayo programu yake inajua kufa.

Nikamuuliza kama isingekuwa vizuri ihifadhi vitu vyake kwanza. Akasema programu iliyoharibika haijui kipi kizima na kipi kibovu, kwa hiyo isishike kalamu. Akanikazia macho. "Binti, breki kwanza. Mengine ni porojo."

Sawa. Alikuwa na haraka, hakunielewa.

Nikaandika. Mistari michache tu: programu inajitumia ishara ya kufa. Nikajaribu mezani. Ikafa! Nikajipigia makofi kimoyomoyo. Nikaanza hata kuwaza rangi ya kapu la kubebea nguo za Kibonge za chumba cha watoto.

Ndipo Pasi akaja na kiprogramu alichokiandika wakati wa chai, makusudi, kwa ajili yangu. Kakiita Mkaidi. Mkaidi kajiwekea mlinzi mlangoni. Ishara ya kufa ikibisha hodi, mlinzi anaipokea, anaiambia mwenyewe hayupo, kisha anarudi ndani kuendelea na kazi. Na hiyo si hila, lugha inaruhusu kila programu iwe na mlinzi.

Basi. Ishara yangu ikapiga hodi. Mlinzi akaipokea, akarudi ndani. Na kifo changu, kwa kuwa hakikuwa na la kufanya tena, nacho kikarudi! Programu imeshatangaziwa msiba na bado inapandisha lifti kwenye skrini, inafungua mlango, inafunga. Pasi alicheka mpaka akalazimika kunyoosha shati.

Mama Breki hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kila kipande cha maktaba kinafanya kazi yake kisha kinarudi kwa aliyekiita. Hiki kimoja tu hakirudi. Akasema kikirudi hata mara moja, mtu anakuwa ndani ya lifti inayoendeshwa na maiti.

Pasi akasema, kwa ule upole wake wa kukera, labda dada angepewa kazi ya kuchapa herufi.

Nilijikaza kisabuni mpaka chooni. Huko ndiko nilikolia.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemuua Mkaidi!

Niliamka na hasira, na hasira kumbe inafundisha. Sasa ni hivi. Kwanza nafunga kufuli, ili wakati naua asitokee mtu mwingine kuweka mlinzi mpya. Kama programu imeziba masikio, nayazibua. Napiga hodi. Mlinzi akipokea akarudi, namfukuza kazi, napiga hodi tena, na safari hii hakuna wa kusema mwenyewe hayupo. Programu ikibaki hai bado, natoa amri ambayo haipo katika lugha ya kichakataji, akili ya bodi. Kikikutana nayo kinaanguka kwa mshtuko. Na kama hata hapo ikapona, kipande changu kinazunguka papo hapo milele, ili mradi kisirudi.

Pasi alimleta Mkaidi, kisha akamleta Mkaidi mwenye walinzi wawili, kisha Mkaidi aliyeziba masikio. Wote chali. Mstari wa shati lake ulilegea, nimeona kwa macho yangu. Mama Breki alisoma mstari kwa mstari, akatikisa kichwa mara moja, akasema hii iingie kwenye bodi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwingine.

Baada ya wenzangu kutoka nikasoma kile Mkaidi alichokuwa anaandika alipokufa. Neno la mwisho lilikuwa: "Mlango una". Una nini? Unafunguka? Unakwama? Una mtu? Hakuna atakayejua. Nimemkata maskini akiwa katikati ya kusema. Nilikaa na "Mlango una" kama mtu aliyepokea simu ikakatika.

Si ubinadamu huu. Hata programu ina neno la mwisho.

Mpango mpya, na huu una akili. Kipande cha Pasi cha kuaga kimekamilika, kizuri, kinahifadhi na kufunga kila kitu. Nikikiweka ndani ya changu, kifo kitaaga kwanza ndipo kife. Mama Breki akiona Ijumaa kwamba programu imekufa na haijapoteza hata herufi, atasema nini? Atasema Pasi ni nani.

Kesho nitampaka Pasi mafuta kwa mgongo wa chupa.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo yanakwenda kama maji mteremkoni.

Pasi: nilimsifia shati. Nikamsifia mpangilio wa kazi yake. Nikasema mimi darasa langu dogo, ningependa kuona mtu aliyesoma anavyofunga faili. Akavimba kama andazi, akanitumia kipande kizima na maelezo yake juu. Nikakipachika ndani ya changu: kufuli, kuaga, ndipo kufa. Nikajaribu mezani mchana kutwa. Kikaaga vizuri, kikafa vizuri. "Mlango unafunguka." Sentensi kamili! Machozi yalinilengalenga.

Mama Breki alikuwa keshapitisha kile cha jana, hakuna haja ya kumsumbua. Jioni nimekiingiza kwenye bodi mimi mwenyewe.

Mwalimu wa chumba cha watoto: nilipanda ngazi kumwona. Amebakiza nafasi moja na anataka kuona mkataba. Nikasema mkataba uko njiani. Akauliza njia gani. Nikasema ya hapa hapa, ghorofa ya chini. Akanionea huruma, au alichoka, akasema kesho asubuhi mtoto aletwe na anayemlea, amwone, lakini bila mkataba jioni, nafasi anampa mwingine.

Mama mkwe: amekubali kumleta. Nimemsihi apande kwa ngazi tu, ashuke kwa ngazi tu, kesho lifti ina majaribio. Akaniambia magoti yake ndiyo yenye majaribio. Nikamwahidi kumkanda mguu mmoja mmoja usiku. Akasema haya.

Pasi kapewa kazi ya kuandika kibango cha hatari. Kashinda nacho na rula toka asubuhi. Herufi nzuri kweli, kama za kadi ya harusi. Kimoja tu.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwanangu, unisamehe mwandiko wa leo.

Mama Breki alikuwa juu ya paa, chumba cha mota, na redio ya mkononi. Pasi mezani kwake na kompyuta, hatua chache kutoka mlango wa lifti. Mimi mlangoni kabisa, ghorofa ya chini, chini ya swichi kuu ya karakana. Mlango wa lifti ya kwetu una kioo chembamba cha urefu, unaona chumba kikipita. Ndani ya lifti tulipanga magunia ya mchanga kuwa uzito wa watu. Kibango cha Pasi kikaning'inizwa mbele ya mlango wa chini, kinapendeza.

Lifti ikapanda bila mtu hadi ya tatu, ikafungua mlango, ikasubiri. Mama Breki alitaka kutazama breki kwanza. Tukangoja. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa napanga uso nitakaouvaa akinipongeza.

Redioni akasema sawa, teremsha. Mlango ukajifunga juu. Lifti ikaanza kushuka.

Ilipofika kati ya ya pili na ya kwanza, Pasi akatuma uharibifu, yaani akaijaza kumbukumbu ya bodi takataka kama tulivyokubaliana. Programu ikagundua mara moja. Kwenye skrini likatokea neno langu: "Naaga". Nikatabasamu.

Kisha hakuna kitu.

Nikasubiri breki ibane. Ina sauti yake, kaa, kama mlango wa chuma. Haikubana. Kamba zikaendelea kulia taratibu, ule mwendo wa kinyonga lifti inaotumia ikikaribia ghorofa. Mama Breki redioni: mapigo bado yapo. Kwa nini mapigo bado yapo?

Hapo nikasikia kikohozi. Kilitoka nyuma ya mlango, ndani ya shimo la lifti, juu kidogo ya kichwa changu. Kikohozi kile nakijua. Kinaniamsha kila alfajiri. Na nyuma yake kicheko cha mtoto anayerushwa, kile cha Kibonge, kinachoanza kwa kwikwi.

Walikuwa wamemaliza kwa mwalimu, wakatoka, wakakuta mlango uko wazi ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu haikuwa na kibango.

Chumba cha lifti kikatokea kwenye kioo. Nikaona kitenge cha mama mkwe. Nikaona kisigino cha mwanangu. Kikaja mpaka usawa wa mlango, mahali ambapo lifti yoyote yenye akili husimama. Hakikusimama. Kikaendelea kushuka kuelekea shimoni, na mstari wa mwanga ukapita juu ya vidole vya miguu yangu.

Nikaelewa yote kwa pamoja, kama mtu anayesoma ukuta kwa umeme wa radi. Kifo changu kilishika kufuli, kikaita kuaga. Kuaga kukaenda kuhifadhi kumbukumbu, kukakuta imeoza, kukashtuka na kufanya kile ambacho kipande chochote hufanya kikishtuka: kikaita kifo. Kifo cha pili kikafika, kikakuta kufuli limeshikwa na kifo cha kwanza. Cha kwanza kinangoja kuaga kumalizike. Kuaga kunangoja kifo cha pili. Cha pili kinangoja kufuli. Wote mlangoni kama wageni wenye adabu, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Na pembeni ule moyo usiojua lolote, du, du, du, unaishikilia breki wazi.

Mkono wangu ukaenda kwenye swichi kuu. Pasi aliuona.

"Dada, subiri nihifadhi kwanza."

Sikusubiri. Nikavuta.

Kila kitu kikafa: taa, feni, kompyuta, chaja, birika la umeme. Kaa! Breki ikabana. Sijasikia sauti tamu kama ile toka Kibonge alipolia mara ya kwanza.

Giza. Kimya. Kisha kutoka shimoni sauti ya mama mkwe ikauliza kama kuna msiba.

Mama Breki alilizungusha gurudumu la juu kwa mkono mpaka chumba kikarudi usawa wetu, akashuka ngazi mbio na ufunguo wa mlango. Tulipofungua, mama mkwe alikuwa ameketi juu ya gunia la mchanga, miguu kaikunja vizuri, Kibonge mapajani ana mchanga mdomoni.

"Lifti yenu nzuri," akasema, "ina na viti. Ila kuzima taa watu wakiwa ndani, huo si ustaarabu."

Nilimchukua mwanangu nikambusu mpaka mchanga ukawa mdomoni mwangu pia. Mama mkwe akasema mwalimu wa juu ni mtu wa maana na mtoto amependwa, sasa mbona unalia kama umefiwa.

Baadaye Mama Breki alisoma kipande changu kwenye simu yake, amesimama. Akasoma tena. Pasi alikuwa anatazama kompyuta yake iliyozimika, kazi yake yote ya asubuhi imepotea. Yeye, bwana wa kuhifadhi! Ningekuwa na nguvu ningecheka.

"Ulipovuta swichi," Mama Breki akauliza, "ulimuaga nani?"

Nikasema sikumuaga mtu.

"Ulihifadhi nini?"

Nikasema hakuna.

"Basi kifo unakijua. Kaandike unachokijua."

Nikakaa nikafuta kuaga kote, mbele yake, mstari kwa mstari, kama ninang'oa meno yangu mwenyewe. Tukajaribu tena, magunia peke yake safari hii, na mtu kila mlango. Uharibifu. Kaa! Kabla sijapepesa jicho. Tena. Kaa! Hakuna neno la mwisho, hakuna sentensi, lifti imeganda kama picha.

Kisha akasema alikuwa amekata shauri kutufukuza wote. Mmoja anaandika kibango kimoja kwa jengo lenye milango minne. Mwingine anafungua kipande kilichopitishwa na kukitia huruma. Aliniuliza kama najua springi za chini ya shimo ni za nini. Nikasema najua. Akasema sijui, kwa sababu ningejua nisingelala usiku. Nilikuwa nimemkumbatia Kibonge, na Kibonge alikuwa anamshika yeye kola.

Mwisho akasema siku nyingine zote nilikuwa nafikiri, na leo kwa mara ya kwanza nilifanya. Mkono wangu umeelewa, kichwa kitafuata. Mkataba ni wangu, ila nikigusa kile kipande bila yeye kujua, asinikute. Pasi kaongezewa muda wa majaribio, na rula imechukuliwa.

Nilipanda ngazi na mkataba mkononi. Mwalimu akaandika jina la Kibonge kwenye kigingi cha kutundikia mkoba.

Nimejifunza. Nasema kwa dhati, naandika kwa wino. Kufa ni kufa. Kuaga ni kuaga. Sitachanganya tena.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mama mkwe ameondoka bila kuniaga!

Nimeamka, kitanda kimetandikwa, begi halipo, uji uko jikoni umefunikwa. Kibonge akatazama mlango akasema bibi, kisha akaomba uji. Basi. Akala, akacheza na kifuniko cha sufuria.

Mimi ndiye nisiyeweza kumeza. Baada ya yote ya jana, mtu anaondoka kimya hivyo? Nikambeba Kibonge, nikakimbia mpaka kituo cha mabasi. Basi lilikuwa bado. Nikapanda, nikamkuta dirishani, nikamkumbatia, nikaomba radhi, nikashukuru, nikamwambia Kibonge mwage bibi. Kibonge akaelewa sasa kwamba bibi anaondoka. Akapasua anga. Bibi naye akaanza. Abiria wa nyuma, simjui, akaanza. Dereva akaniomba, kwa heshima, nishuke.

Mama mkwe akanitazama akifuta macho na ncha ya kitenge.

"Nilikuwa nimeshaondoka vizuri, mwanangu. Umetuua mara ya pili."

Sikumwelewa. Labda ni uchovu wa magoti, jana nilisahau kumkanda.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ya kwanza ya mkataba! Gauni la bluu. Kibonge mkoba mgongoni, mkubwa kuliko yeye.

Mwalimu ana utaratibu. Mtoto anapokelewa mlangoni, anaonyeshwa vitu vya kuchezea, mzazi anaondoka bila kuaga. Kasema wakiagwa hawatulii. Nikasema naelewa kabisa, mimi hiyo ndiyo kazi yangu.

Nikaondoka bila kuaga. Kibonge hakugeuka hata shingo, alikuwa na kigari. Nikashuka ngazi mpaka ya pili. Nikapanda tena, kuchungulia tu. Mlango una kijidirisha. Nikapunga mkono kidogo, kidole kimoja tu. Akaniona.

Walilia wote chumba kizima. Hata wale waliokuwa wamelala. Mwalimu amenipiga marufuku ghorofa ya tatu hadi saa ya kunyonyesha.

Nimefika mezani nikiwa nimechelewa. Shati la Pasi halina mstari, maskini. Nilimwonea huruma nikamgawia mkate wangu. Mama Breki yuko kwa mteja, harudi hadi keshokutwa tukijaribu bodi ya pili kwenye lifti.

Nikafungua kipande changu, kukitazama tu. Kufuli, hodi, fukuza mlinzi, hodi, amri isiyokuwepo, zunguka milele. Safi. Fupi. Lakini kikavu jamani! Kama mtu aliyekata simu.

Sikurudisha kuaga. Naapa. Kosa la ile nyingine lilikuwa kushika kumbukumbu iliyooza, na hii haishiki kumbukumbu yoyote, haihifadhi chochote, haifungi faili. Ni mstari mmoja. Kabla ya hodi ya kwanza, neno moja linatokea kwenye kiskrini cha bodi: "Samahani". Haichukui muda. Nimejaribu mezani, inakufa vizuri sana. Na huku si kugusa kipande bila yeye kujua, kwa sababu keshokutwa atajua.

Mchana nimemrudishia Pasi rula yake, niliipata kwenye droo. Nikamwomba kwa upole aandike vibango vinne, kimoja kila mlango. Akauliza kama kuna tatizo.

Nikamwambia hakuna. Aandike tu, na herufi ziwe kubwa.